Sura ya Sita: Reli Iliyolindwa Bila Kufika

Anayetoka Embu kwenda Meru kwa upande wa mashariki wa Mlima Kenya huvuka mito mpaka achoke kuhesabu: Ena, Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga, Thingithu, Kathita, bila kutaja vijito vya katikati. Yote hushuka kutoka misitu ya mlimani, na kila mmoja umejichimbia bonde lake. Katikati ya karne iliyopita kila bonde lilimaanisha mteremko wa murram, daraja jembamba chini, kisha mlima wa kupanda ng'ambo ya pili huku taniboi akitembea nyuma ya lori na gogo mkononi, tayari kulitega chini ya gurudumu likianza kurudi kinyumenyume. Hakuna mhandisi wa reli aliyekuwa na haraka ya kufanya kazi katika nchi ya namna hiyo, na kweli reli haikuwahi kufika Embu wala Meru.

Pamoja na hayo, kwa zaidi ya miaka 30 wenye magari wa wilaya hizo mbili waliendesha biashara zao chini ya sheria iliyotungwa kuikinga reli na ushindani wa magari.

Reli yenyewe ilipita ng'ambo ya mlima. Tawi la Thika lilifunguliwa mwaka 1913, na kwenye makaratasi ya serikali liliitwa tramu, ujanja wa maofisa wa kupata idhini bila kuanzisha mabishano mapya kuhusu gharama za reli. "Tramu" hiyo haikuishia Thika. Ilisogea hatua kwa hatua kupitia Makuyu, Maragua, Sagana, Karatina na Naro Moru, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 ilikuwa imefika Nanyuki. Ukiifuata kwenye ramani utaona ilikuwa ikikimbilia wapi: kwenye mashamba ya masetla magharibi mwa mlima, kwenye ngano na ng'ombe wao. Mkulima wa Embu aliyekuwa na mzigo wa treni aliupeleka Sagana. Wa Meru aliupandisha hadi baridi ya Timau kisha akaushusha Nanyuki, safari ya kilomita 80 hivi, na hapo ndipo treni ilipoanza kuhesabu nauli yake.

Ili kuelewa kwa nini lori la Meru liliogopwa na reli iliyokuwa mbali nalo hivyo, inafaa kuangalia jinsi reli ilivyopanga bei. Haikutoza kwa uzito na umbali peke yake. Ilitoza kwa thamani ya bidhaa. Nguo, sukari, petroli na vipuri kutoka Mombasa vililipiwa nauli ya juu, na pengo hilo likawezesha mahindi na ngano ya masetla kwenda bandarini kwa nauli ya chini. Mpango huo ulisimama maadamu hakuna njia nyingine ya kusafirisha mizigo. Lori lilipotokea, mwenye lori hakuwa na haja ya kugusa mahindi. Alichukua marobota ya nguo na mapipa ya petroli, akaiachia reli magunia. Kila tani ya nguo iliyopanda lori ilitoboa mfuko uliokuwa ukigharimia mahindi ya setla.

Mabishano haya hayakuzaliwa Nairobi. Uingereza ilikuwa imepitia yale yale. Ripoti ya kamati ya Salter ya mwaka 1932 na sheria ya barabara na reli ya mwaka 1933 zilileta mfumo wa leseni za A, B na C: wanaobeba mizigo ya watu kwa malipo, wanaochanganya mizigo ya watu na yao, na wanaobeba ya kwao tu. Miaka michache baadaye Sir Osborne Mance, jenerali mstaafu aliyebobea katika mambo ya reli, alipewa kazi ya kuchunguza uratibu wa usafiri Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1937 Kenya ikapata sheria yake ya leseni za usafiri, herufi zile zile A, B na C zikiwemo, pamoja na bodi ya kuzitoa ambayo vizazi vitatu vya madereva wangeiita TLB.

Tofauti ni kwamba nchini Uingereza reli ilikuwa imefika karibu kila mji. Sheria ya Kiingereza iliamua ugomvi kati ya jirani wawili. Ilipoletwa Kenya, ilimkuta Mmeru ambaye jirani mmoja hakuwa naye kabisa.

Utaratibu wa bodi ulikuwa hivi. Mtu aliomba leseni kwa kutaja gari lake na njia anayotaka kufanyia kazi. Ombi lilichapishwa katika Gazeti la Serikali. Yeyote aliyekwisha kutoa huduma kwenye njia hiyo, reli ikiwa mstari wa mbele, alikuwa na haki ya kupinga. Siku ya kusikilizwa ikifika, mzigo wa kuthibitisha ulikuwa wa mwombaji: aoneshe kwamba njia haihudumiwi vya kutosha na kwamba umma unamhitaji. Kampuni yenye wakili Nairobi ililimudu jambo hili. Mtu wa Runyenjes aliyeuza mbuzi na kukopa kwa shemeji ili anunue lori la Bedford lililochakaa alikuwa na kazi kubwa zaidi ya kulipandisha Bedford hilo ng'ambo ya Thuci. Hata alipopewa leseni, ilikuwa ya njia moja iliyoandikwa, na siku soko la mahali pengine likichangamka zaidi hakuwa na ruhusa ya kugeuza usukani.

Baada ya Vita Kuu ya Pili hali ilibadilika haraka. Askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki, walirudi kutoka Burma na akiba mfukoni, wengi wakiwa wamefundishwa udereva na ufundi wa magari kwa gharama ya mfalme. Kahawa, ambayo Waafrika waliruhusiwa kuipanda kwa majaribio Kisii, Embu na Meru katika miaka ya 1930 huku masetla wakilalamika, ilianza kuleta pesa halisi. Malori yaliyofungwa bodi za mbao, viti mbele na mizigo juu ya paa, yakawa ndiyo mabasi ya mashambani: kuku, ndizi, watoto wa shule na mama mjamzito anayekwenda hospitali ya misheni ya Chogoria wote katika gari moja.

Palikuwa na bidhaa moja ambayo reli isingeweza kuibeba hata kama ingefika mlangoni, nayo ni miraa. Vifurushi vya Igembe na Tigania, katika milima ya Nyambene huko Meru, vikiwa vimefungwa kwa majani ya migomba, vina siku mbili hivi kabla ya kukauka na kupoteza bei. Treni yenye kusubiri behewa lijae haifai. Wafanyabiashara, wengi wao Wasomali waliokaa Isiolo, walihitaji gari linaloondoka mara mzigo unapokatwa. Katikati ya miaka ya 1940 serikali ilitunga sheria ya kubana miraa, hasa isifike wilaya za mpaka wa kaskazini, maofisa wakidai inawaharibu watu wa huko. Matokeo yake yanatabirika kwa yeyote anayewajua wafanyabiashara wa Nyambene: biashara haikufa, ila mwendo uliongezeka. Mtu anaweza kusema bila kutia chumvi nyingi kwamba ile sifa ya madereva wa miraa ya kukimbiza magari, ambayo Wakenya wa leo huisimulia kwa hofu na fahari kwa pamoja, ina asili ya kibiashara iliyo wazi kabisa.

Nairobi nako kulikuwa na mjadala wa magari, wa aina tofauti. Sensa ya mwaka 1948 ilihesabu watu 118,976 mjini. Mwaka huo huo ulitoka mpango mkuu wa mji, ulioandikwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini: Thornton White, Silberman na Anderson. Walishughulishwa na yale yaliyowashughulisha wapangaji wa miji duniani kote wakati ule: namna ya kuondoa magari yanayopita tu yasiingie katika mitaa ya makazi, barabara pana zianzie wapi, reli ipite wapi katikati ya mji uliokua kuizunguka. Ni kitabu kizuri cha ramani. Mwafrika ndani yake ni mfanyakazi wa kupangiwa mtaa wa kulala na njia ya kumfikisha kazini. Kwamba mtu huyo alikuwa na mke na shamba Kianjokoma kule Embu, na kwamba safari yake muhimu kuliko zote ilikuwa ile ya mwisho wa mwezi, halikuwa swali la wapangaji.

Lilikuwa swali la madereva. Mabasi ya Kenya Bus Service yalikuwa barabarani Nairobi tangu mwaka 1934, mali ya kampuni ya Kizungu. Waafrika waliingia kwa mlango wa teksi, na walipobanwa walijibu. Mwaka 1949 madereva wa teksi wa Nairobi waligoma kupinga sheria ndogo za manispaa. Chama cha wafanyakazi wa usafiri kiliongozwa na Fred Kubai, ambaye pamoja na Makhan Singh alikuwa ameanzisha shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki mwaka huo huo. Kwa serikali, tangu hapo, dereva Mwafrika hakuwa tena mtu wa usukani tu. Alikuwa mtu anayefika kila mahali, anayebeba habari, na asiye na msimamizi wa Kizungu pembeni.

Hofu hiyo ilipata sheria yake tarehe 20 Oktoba 1952, Hali ya Hatari ilipotangazwa dhidi ya wapiganaji wa Mau Mau.

Maofisa waliwaweka watu wa makabila matatu, Wakikuyu, Waembu na Wameru, katika fungu moja la kiutawala. Aliyekuwa wa fungu hilo alihitaji kibali kutoka nje ya wilaya yake. Gari lililodhaniwa kubeba chakula au watu wa msituni liliweza kunyakuliwa, na kafyu ilifunga barabara usiku. Kuanzia Septemba 1953 wakazi wengi Waafrika wa Nairobi walisusia mabasi ya mji kwa agizo la Mau Mau, wakaenda kazini kwa miguu. Kisha alfajiri ya tarehe 24 Aprili 1954 Operesheni Anvil ilizingira mji mzima. Waliochujwa na kupelekwa kizuizini Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani walizidi 20,000, na wengine wengi walirudishwa rizavu. Waembu na Wameru wengi waliokuwa wakilipa nauli ya mwisho wa mwezi walitoweka Nairobi katika muda wa wiki chache. Mabishano yote kuhusu nani apewe njia ya Nairobi kwenda Embu yalikosa abiria.

Ajabu ni kwamba miaka hiyo hiyo ndiyo iliyoleta barabara nyingi. Wahandisi wa jeshi la Uingereza walipasua njia za magari ndani ya misitu ya Mlima Kenya na Aberdare ili askari wafike walikojificha wapiganaji. Wanakijiji waliohamishiwa katika vijiji vya kulazimishwa walichimbishwa handaki lenye urefu wa maili 50 hivi kando ya msitu wa mlima, likachomekwa mianzi iliyochongoka. Wanawake walitoka na majembe chini ya ulinzi wa homgadi kutengeneza barabara za wilaya. Kwenye tambarare za Mwea, zilizokuwa sehemu ya wilaya ya Embu wakati huo, mahabusu walianza mwaka 1954 kuchimba mifereji ya mradi wa mpunga, na njia za malori ziliufuata mradi. Takwimu za ujenzi wa barabara zikisomwa peke yake, bila kujua mikono ya nani ilishika sururu, zinaonekana kama ustawi.

Mei 1953, wakati Mmeru anahitaji karatasi ili kufika Thika, mashindano ya kwanza ya magari ya Coronation Safari yalianza, ya kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Washiriki walivuka Kenya, Uganda na Tanganyika bila kuulizwa kipande. Miaka ya baadaye njia za mashindano hayo zilizunguka Mlima Kenya kupitia Embu na Meru, na matope ya mashariki yalipata umaarufu wa kimataifa. Wakazi, waliokwama kwenye matope hayo kila msimu wa mvua bila kupewa kombe, walipanga mstari kando ya barabara kutazama.

Ndani ya serikali yenyewe mawazo yalikuwa yameanza kupindana. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ulitaka Mwafrika alime mazao ya biashara kwa wingi, kahawa ikitangulia. Lakini kahawa inayoiva pamoja milimani yote inataka magari mengi kwa wakati mmoja, na magari mengi ndiyo ambayo TLB iliwekwa kuyazuia. Mwaka 1955 Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, chini ya Sir Hugh Dow, ilitoa ripoti nene iliyokosoa vizuizi vilivyobana usafiri wa barabara kwa ajili ya reli. Hoja yake ilikuwa ya kiuchumi: eneo lisilo na reli linanyimwa soko mara mbili, kwanza na jiografia, kisha na sheria. Ripoti ilisifiwa na wengi. Sheria ikabaki.

Kilichoamua nani aendeshe gari miaka hiyo kilikuwa kipande kingine cha karatasi, cheti cha uaminifu. Aliyekuwa nacho alilegezewa masharti ya kusafiri na ya biashara. Asiyekuwa nacho alikaa. Cheti hicho hicho ndicho kilichompa mtu kura katika uchaguzi wa Machi 1957, na kwa kuwa Wameru wengi zaidi walikuwa wamepewa, Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuteuliwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akawa mwakilishi wa Jimbo la Kati. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu naye aliingia barazani. Si jambo la kustaajabisha kwamba baadhi ya walioanza na malori mapema baada ya Hali ya Hatari kwisha mwezi Januari 1960 walikuwa ni wale ambao hawakuwahi kulazimika kuyaegesha. Historia ya matajiri wa usafiri wa mlima huu haijaandikwa kwa ukweli huo mbele, na pengine haitaandikwa mapema.

Uhuru ulikuja, Embu ikawa makao makuu ya Jimbo jipya la Mashariki, na TLB ikaendelea kukaa Nairobi kama zamani. Mwaka 1966 Kenya Bus Service ilipewa haki ya pekee ya kubeba abiria wa mji, halmashauri ya jiji ikichukua hisa 25 kwa mia. Teksi za wizi zilizokuwa zikibeba Waafrika tangu miaka ya 1950, ambazo kila mtu alikuwa amekwisha kuziita matatu, zilibaki haramu. Polisi walizikamata asubuhi, jioni zikawa zimerudi.

Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani ya mwaka 1972, ambayo ilifanya wachumi duniani waanze kuitazama sekta ya jua kali kwa heshima, iliitaka Kenya ipunguze leseni zinazowanyima watu wadogo riziki. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta alitamka kwamba matatu zinaweza kubeba abiria wa kulipa bila leseni ya TLB. Tamko moja la mdomo lilifanya kile ambacho tume ya kifalme yenye kurasa mamia haikuweza.

Kwa Embu na Meru athari yake ilionekana kabla ya mwaka kwisha. Peugeot 504 ya mkia mrefu, iliyotengenezwa kwa familia za Ufaransa, ilikuta milima iliyokuwa ikiisubiri. Ilipanda kwa kasi, iliondoka ikijaa badala ya kungoja saa, na ilimshusha abiria Runyenjes au Nkubu mlangoni pa duka alilolitaja. Nauli haikuwa ya chini sana, ila mtu aliweza kwenda Nairobi na kurudi siku hiyo hiyo, jambo ambalo babu yake angelihesabu miongoni mwa hadithi za sungura. Mfanyabiashara wa miraa, ambaye hakuwa akisubiri sheria yoyote imruhusu, alihamia kwenye pikapu.

Kilichobaki kuwa kikwazo ni mito ile. Lami ya uhakika kwenda Meru ilikuwa ya kupitia Nanyuki na Timau, kwa kufuata mgongo wa reli ya masetla, na gari la Meru lilizunguka zaidi ya nusu ya mlima ili kufika Nairobi, mji ambao kunguru angeuendea moja kwa moja. Katika miaka ya 1980 kipande cha Thuci hadi Nkubu kilijengwa kwa msaada wa Uingereza, madaraja marefu yakaruka mabonde, na sehemu kubwa ya trafiki ya Meru ikahamia mashariki. Chuka iligeuka kutoka kituo kilichojificha na kuwa mji wa barabara kuu. Mteremko wa daraja la Nithi nao ulipata jina baya: lami laini na kona kali vimeua watu wengi kuliko matope yalivyowahi kufanya, na mwezi Julai 2022 basi lililotoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia hapo na kuua zaidi ya watu 30.

TLB yenyewe ilikufa mwaka 2012, kazi zake zikachukuliwa na mamlaka mpya ya usafiri na usalama barabarani, NTSA. Miaka miwili baadaye kanuni zake zilimtaka anayebeba abiria awe ndani ya chama au kampuni yenye magari yasiyopungua 30. Kwa hiyo zile matatu zinazopanga foleni mjini Nairobi zikiita "Embu, Embu, Meru" zina jina la sacco ubavuni, na mwenye gari moja huingia kwa mlango wa chama, hulipa kiingilio cha chama, na hupewa ruti ambayo chama kimeipata. Mtu wa Runyenjes na Bedford lake lililochakaa asingehitimu.